Pori la Handeni Lina Wenyewe

Ukitaka kumjua mtu aliyeipita Handeni kwa basi tu, msikilize akizungumzia ardhi. "Kule ardhi ipo bwana, pori tupu, ni wewe tu na nguvu zako." Maneno hayo utayasikia kwa mstaafu anayetafuta pa kuzika kiinua mgongo chake, kwa kijana wa Dar es Salaam aliyeota shamba la matikiti, kwa mheshimiwa jukwaani, na mara nyingi kwa watu wema kabisa, wasio na nia ya kumdhulumu mtu. Ndiyo maana nayakasirikia. Dhuluma ya ardhi katika Mkoa wa Tanga mara nyingi haianzi na jambazi. Inaanza na mtu mwenye heshima zake anayetamka kwamba mahali fulani hapana mwenyewe, na wenzake wakaitikia.

Siku hizi imani hii imepata na chombo. Dalali wa Mkata au Segera hana haja tena ya kumtembeza mteja juani. Anafungua simu, anavuta ramani ya setilaiti kwa vidole viwili mpaka kijani kijae kioo, kisha anauliza: "Ona mwenyewe mzee, kuna bati hata moja hapo?" Mzee anatazama, kweli bati hakuna. Hapo ndipo bei inapoanza kutajwa. Picha haikudanganya, ila imeulizwa swali la kijinga. Bati linaonyesha mtu analala wapi. Anakolima, anakochunga na anakozika, bati halijui.

Eneo lilelile liendee kwa miguu. Katikati ya kichaka utakuta mwembe mkubwa umesimama peke yake. Mbele yake kuna safu ya minyaa iliyonyooka, na mnyaa haujipangi safu wenyewe. Kuna tuta la udongo mwekundu pale palipokuwa na ukuta wa nyumba, na pembeni kaburi lililozungushiwa mawe. Hayo ni mahame. Mwenyewe kavuka upande wa pili wa korongo kwa sababu udongo ulichoka, na anajua atarudi lini. Mahindi ya Handeni yanaishi kwa mvua za kubahatisha, mbolea ya dukani ina bei yake, hivyo mbolea ya mkulima ni kichaka chenyewe kikiachwa kikue. Wakati kinakua, akina mama wanatoka na kuni na ukindu wa mikeka, mganga anachimba mizizi yake, mrina asali ana mizinga yake juu ya miti, na kiangazi kikikaza mfugaji anapitisha ng'ombe humo kuelekea maji. Kipande kimoja cha pori tupu kina watumiaji wanne watano, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukaa kibandani na dalali.

Wala pori lenyewe si la tangu kuumbwa ulimwengu. Mwanahistoria James Giblin alitoa kitabu mwaka 1992 kuhusu nchi hii hii ya Wazigua, na hoja yake inapaswa kuwatia aibu wapenzi wa neno "tupu". Katika karne ya 19 Wazigua walikuwa na ng'ombe, wakubwa wao waliweka akiba ya nafaka ya kulisha wafuasi mwaka wa ukame, na watu walikuwa wengi wa kutosha kulifyeka pori na kuwaweka mbung'o mbali. Kisha mabaya yakafuatana: njaa ya 1884 hadi 1886, sotoka, Wajerumani na kodi yao, njaa tena mwisho wa karne, vita vya 1914. Wakubwa wakaishiwa, watu wakatawanyika, mifugo ikafa, vichaka na mbung'o wakarudi kuchukua nafasi. Aliyekuja baadaye akakuta vichaka, akadhani ndivyo Mungu alivyoiumba Handeni.

Wapo waliotawanyika mbali kuliko wengine. Katika karne hiyo hiyo ya 19 Wazigua wengi walipelekwa utumwani hadi bonde la mto Juba, Somalia. Vita vya huko vilipolipuka mwaka 1991, baadhi ya vitukuu vyao walikimbilia Tanzania wakiwa bado wanazungumza Kizigua. Wakawekwa Mkuyu, baadaye Chogo, humo humo Handeni, na wengi wao wakapewa uraia. Karne na nusu ugenini, bado walijua kwao ni wapi. Sisi ambao hatukwenda popote ndio tunaosema hapana mwenyewe.

Sasa tushuke Korogwe, kwa maana hapo ndipo imani hii inapovuliwa nguo.

Novemba 1895 Kaiser wa Ujerumani alitoa amri kwamba ardhi ya koloni isiyothibitishwa kuwa na mwenyewe ni mali ya Dola. Kazi ya kuthibitisha ikaachiwa mtu ambaye hakuwahi kuhitaji karatasi ili baba yake awe baba yake. Reli ya kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mkonge ukatapakaa kandokando yake. Mmea huo aliuleta mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf kutoka Florida mwaka 1893, katika miche 1,000 ikapona 62 tu, na kutokana na hiyo Tanganyika ikaja kuongoza dunia. Katikati ya miaka ya 1960 nchi ilivuna zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Kisha kamba za nailoni zikaiangusha bei, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na kadiri miaka ilivyokwenda sehemu kubwa ikatelekezwa. Mkonge ukatoa milingoti bila wa kuukata, vichaka vikaupanda, nyani wakahamia.

Nani aliwahi kuyaita mashamba hayo pori tupu? Hakuna. Hata yalipokuwa hayapenyeki kwa panga, yalikuwa "shamba la mtu". Mjukuu wa manamba, ambaye babu yake aliletwa kutoka Kigoma au Songea kuukata mkonge huo huo, akipanda mahindi kati ya mistari iliyokufa anaitwa mvamizi. Alime miaka 20, azike wazazi wake kambini hapo, jina ni mvamizi. Na ukitaka kumnyang'anya hati aliyelitelekeza shamba, sheria inakutaka utoe notisi, umpe muda wa kujibu, upeleke mapendekezo ngazi kwa ngazi mpaka mezani kwa Rais, kwa kuwa kuifuta ni mamlaka yake. Baadhi yamefutwa kweli, baada ya miaka ya barua. Handeni, kichaka cha mkulima aliyekipumzisha misimu mitano kinaweza kuondoka kwa muhtasari wa kikao ulioandikwa usiku mmoja, wajumbe wakisaini kwa kalamu ya kuazimana. Kichaka ni kile kile, hata nyani ni wale wale. Aliyekitelekeza kwa hasara analindwa, aliyekiacha kwa akili anaambiwa hana kitu.

Watetezi wa utupu hupenda kukimbilia sheria, basi twende nao. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, kifungu cha 12, inaigawa ardhi ya kijiji mafungu matatu: ya matumizi ya pamoja, ya watu na familia, na ile ambayo bado inangoja kugawiwa. Fungu hilo la tatu ndilo dalali analoliita pori. Bunge lililiona, likalitaja, likaliandika kwa jina la kijiji. Ni ghala la watoto ambao hawajaoa. Kifungu cha 8 kinaikataza halmashauri ya kijiji kuigawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Lakini pacha wake, Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka ule ule, ilipoieleza ardhi ya jumla ikaingiza ndani yake ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Wanasheria wamebishana sana juu ya mgongano huo. Mimi naiona amri ya Kaiser imerudi kwa mlango wa nyuma. Na Serikali ikitaka kuhamisha zaidi ya hekta 250 kutoka kijijini, mkutano mkuu unabakiwa na kazi ya kutoa maoni, uamuzi ni wa Waziri.

Halafu kuna zile hekta milioni 44 zinazofaa kwa kilimo, zinazotajwa katika kila mkutano wa wawekezaji, zikifuatiwa na maelezo kwamba tunazolima ni chache tu. Malisho yamehesabiwa wapi humo? Mashamba yanayopumzishwa je? Sensa ya 1967 ilikuta watu milioni 12, ya 2022 ikakuta milioni 61.7, na ardhi haikuzaa.

Msomera, humo humo Handeni, inajulikana. Juni 2022 familia za kwanza kutoka Ngorongoro zilipokelewa huko, kila moja na nyumba ya vyumba vitatu, ekari mbili na nusu za kiwanja na ekari tano za kulima. Nchi nzima ikabishana kama walihama kwa hiari. Serikali imeshikilia kuwa ni hiari, watetezi wa haki za binadamu wamekataa, na ubishi huo unastahili kuendelea. Kinachonishangaza ni swali ambalo pande zote mbili zililiruka kwa muda mrefu: hizo ekari zilitoka kwa nani? Msomera kilikuwa kijiji chenye watu. Eneo lilihesabiwa ndani ya Pori Tengefu la Handeni, na chini ya sheria ya wanyamapori ya 1974 kuishi na kuchunga katika pori tengefu hakukuwa kosa. Ni sheria ya 2009 iliyobana. Ripoti ya Human Rights Watch ya Julai 2024 ilieleza malalamiko ya wenyeji kwamba ardhi waliyokuwa wakiitumia ilipangiwa wageni. Mmasai aliyehamishwa na mwenyeji aliyesogezwa wakatazamana kama maadui, ilhali wote wawili wameuziwa hadithi moja, mmoja kwamba anakokwenda hakuna mtu, mwingine kwamba alipo hayupo.

Ugomvi wa wakulima na wafugaji, ambao kila mtu ana maoni juu yake, sitaupotezea wino. Ng'ombe hawaingii shambani kwa sababu ya kabila la mchungaji. Wanaingia kwa sababu njia yao ya kwenda kwenye maji iliuzwa kama pori.

Najua jibu linalokuja: kwa hiyo wawekezaji wasije, vijana wa mjini wasilime? Waje, walime, machungwa ya Kabuku hayakupandwa na malaika. Na ndiyo, wanavijiji wenyewe wanauza, wenyeviti wengine wanauza mara mbili kipande kile kile. Lakini tazama wanauza kwa bei gani, ujue imani hii inamfanyia nani kazi. Kitu kikishasemwa hakina mwenyewe, anayekitoa anaona kapewa zawadi hata akilipwa nauli. Kwa hiyo anayetaka ekari mia Handeni adai muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji, wa halmashauri pekee hautoshi. Asome majina, kisha siku ya gulio awatafute wenye majina hayo, awaulize kama siku hiyo walikuwepo, na ng'ombe wa nani hupita pale Septemba. Mwenyekiti akimwambia hakuna haja, mambo yameshamalizwa, akunje fedha zake apande basi la kurudi.