Makumbusho Yapo, Sayansi Ipo, Mtoto Hayupo

Panda daladala pale Mwenge ukielekea mjini. Konda atakuimbia vituo: Bamaga, Sayansi, Makumbusho, Victoria, Morocco. Umemsikia? Sayansi, halafu Makumbusho. Vituo vinafuatana, barabara moja ya Bagamoyo, wilaya moja ya Kinondoni.

Kile cha kwanza kimepata jina kwa sababu ya Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Cha pili ni kwa sababu ya Kijiji cha Makumbusho, kilichofunguliwa mwaka 1967. Kando ya barabara hiyo hiyo wapo Baraza la Mitihani, wanaotunga mitihani ya watoto wetu. Wapo pia Taasisi ya Elimu Tanzania, wanaoandaa mitaala na vitabu vyao.

Yaani anayeandika kitabu, anayetunga mtihani, anayesimamia sayansi na anayetunza makumbusho wanaweza kutembeleana kwa bajaji moja, na chenji ikabaki.

Sasa nionyeshe, ndugu msomaji, ratiba yao moja ya pamoja iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo wa shule ya kata ya mwanao. Iwe Tandale, iwe Buza, iwe Chamazi. Ratiba inayosema: fizikia, mada ya joto, wiki ijayo somo litafanyikia Kijiji cha Makumbusho, basi litawachukua saa mbili asubuhi. Nionyeshe moja tu.

Huna. Na wewe unajua huna.

Penye miti hapana wajenzi. Waliosema hivyo hawakuwahi kuiona Barabara ya Bagamoyo, lakini waliisema hiyo hiyo.

Sisemi wakubwa hawa hawajuani. Wanajuana sana. Wanakutana kwenye makongamano, wanavaa vitambulisho shingoni, wanasikiliza mada, wanapiga picha ya pamoja, wanakula pilau, wanaagana. Mwakani wanaalikana tena. Wamejuana miaka na miaka, na mtoto wa Mbagala bado hajaona kitu.

Hebu twende pale kijijini tuangalie wanachokosa. Kuna msonge wa Wahaya, umeezekwa kwa nyasi kutoka kileleni mpaka karibu na ardhi. Kuna tembe la Wagogo, paa bapa la udongo, kuta nene, kimlango kidogo cha kuinamia. Ingia kwenye tembe saa saba mchana, jua la Dar likiwa linachoma utosi. Weka kiganja ukutani. Udongo ni wa baridi. Toka nje, gusa bati la kibanda cha jirani. Utaondoa mkono mwenyewe bila kuambiwa.

Hilo ndilo somo la joto. Mpitisho, msafara, mnururisho: maneno matatu ambayo mtoto anayakariri darasani mpaka yanamtoka puani, yamesimama pale yamejengwa na wazee wetu ambao hawakukaa darasani hata siku moja. Mwalimu wa fizikia mwenye akili angemaliza mada hiyo kwa saa mbili, na mtoto asingeisahau mpaka anazeeka. Lakini nani alimwambia mwalimu wa fizikia kwamba Kijiji cha Makumbusho kinamhusu? Yeye anaambiwa ni mahali pa ngoma na watalii. Pa historia. Pa utamaduni. Kwa hiyo anabaki na chaki yake.

Na chaki yenyewe inaandika nini? Nimesimama kwenye mlango wa maabara ya sekondari moja ya kata upande wa Temeke, jina nalihifadhi. Kofuli lilikuwa na kutu. Kupitia dirishani niliona madawati yaliyovunjika yamepandiana mpaka dari, na sinki ambalo halijawahi kupata bomba. Darasa la jirani, wanafunzi walikuwa wanachora ubaoni kifaa cha kupimia ambacho hawajawahi kukishika. Wanakichora vizuri, kwa rula. Unakumbuka maabara hizo zilivyojengwa? Agizo la Rais Kikwete la mwaka 2012, kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, tukachangishwa mtaa kwa mtaa, wengine wakafuatwa majumbani na watendaji. Tulitoa. Kuta zikasimama. Vya kuwekwa ndani, hatukuuliza tena.

Tulilala. Mimi na wewe.

Lakini hata pale ambapo maabara haina kitu, jiji hili lina vitu. Ndiyo maana nina hasira.

Mtoto wa kidato cha kwanza anakaririshwa Oldupai na Zinjanthropus. Anajua kwamba fuvu lile liliokotwa na Mary Leakey tarehe 17 Julai 1959. Anajua lina umri wa miaka karibu milioni 1.75. Asichojua ni kwamba fuvu hilo linatunzwa na Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, Posta, jiji lake mwenyewe. Kutoka Mbagala Rangi Tatu hazifiki kilomita ishirini. Anakariri kitu cha jirani kana kwamba kipo mwezini.

Na huyo wa Mbagala ana deni kubwa zaidi analodai. Mbagala ni mlango wa Kusini. Wangapi pale asili yao ni Lindi? Basi huko Lindi, Tendaguru, kati ya mwaka 1909 na 1913, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria. Waliochimba hasa ni watu wetu, mamia kwa mamia, chini ya msimamizi aliyeitwa Boheti bin Amrani. Wapagazi wakaibeba mifupa kichwani siku kadhaa kwa miguu mpaka bandari ya Lindi. Leo mifupa hiyo imesimamishwa Berlin, kwenda juu zaidi ya mita 13, na watoto wa Kijerumani wanaletwa na walimu wao kuitazama. Mjukuu wa aliyeibeba anaishi Mbagala na hajui kama kuna kitu kama hicho duniani. Tunapiga kelele mifupa irudi. Sawa, irudi. Irudi iwekwe wapi, aione nani, kwa basi la nani?

Sasa kwa nini hawashikani mikono? Fuata waajiri wao. Makumbusho yapo chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii. COSTECH, Baraza la Mitihani na Taasisi ya Elimu wapo chini ya Wizara ya Elimu. Shule zenyewe, za msingi na sekondari, zipo TAMISEMI. Uwanja wa Sabasaba pale Temeke upo kwa watu wa biashara. Kila mmoja ana bosi wake, bajeti yake na ripoti yake ya mwaka. Makumbusho yanahesabu watalii na mapato. Mwalimu mkuu anahesabu divisheni wani. Hakuna anayepandishwa cheo kwa kumpeleka mtoto wa Yombo mahali akaguse ukuta wa tembe. Hakuna anayefukuzwa kazi kwa kutompeleka.

Hapo ndipo kamba inapokatikia.

Wapo wanaojitahidi, nisiwanyime haki yao. Young Scientists Tanzania, tangu mwaka 2011, wamekuwa wakiwahimiza wanafunzi wa sekondari kufanya utafiti wao wenyewe na kuja kuuonyesha Dar es Salaam. Tanga kuna STEM Park, kazi ya Projekt Inspire na Halmashauri ya Jiji, mahali ambapo mtoto anaruhusiwa kushika, kufungua na kuharibu kidogo. Tanga, ndugu zangu! Sisi wa Dar tunaojiita wajanja wa mjini tunawaonea wivu Waja leo warudi leo. Serikali nayo ina mashindano yake ya sayansi na ubunifu, MAKISATU, tangu 2019. Vyote vizuri. Lakini kila kimoja kinahangaika peke yake, kinaomba mfadhili peke yake, na mradi ukiisha kinapumua kwa shida peke yake. Kidole kimoja hakivunji chawa, na sisi vidole tunavyo vya kutosha, ila kila kimoja kimewekwa kwenye mfuko wake.

Tazama Temeke. Watu wanasema Temeke haina kitu zaidi ya uwanja wa mpira na foleni. Uongo. Chang'ombe kuna DUCE, Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, kinachofundisha walimu. Chang'ombe hiyo hiyo kuna VETA, mafundi wa chuma, umeme na mbao. Mbele kidogo, Barabara ya Kilwa, upo uwanja wa Sabasaba, mabanda makubwa yenye paa zima, ambayo shughuli yake kuu ni siku za maonyesho kuanzia mwishoni mwa Juni. Mafundi wa VETA wanaweza kuunda kapi, nyenzo, gurudumu la maji, kisanduku cha lenzi, kwa mbao na vyuma vya hapa hapa. Walimu wanafunzi wa DUCE wanaweza kuwaeleza watoto vinavyofanya kazi, wakajifunza kufundisha papo hapo. Banda moja la Sabasaba linaweza kufunguliwa kila Jumamosi. Makumbusho ya Taifa wana utaalamu wa kupanga maonyesho na kutunza vitu. Taasisi ya Elimu wangeandika karatasi moja ya mwalimu kwa kila kifaa: mada gani, kidato gani, swali gani.

Ni nani hapo atahitaji mkopo wa Benki ya Dunia?

Utaniambia sisi ni maskini. Wahindi walikuwa matajiri? Mwaka 1959 walifungua pale Kolkata makumbusho ya viwanda na teknolojia. Mwaka 1965 hawakusubiri mtoto wa kijijini apate nauli: walipakia vifaa kwenye basi, basi likamfuata. Mwaka 1978 wakaunda baraza moja la kitaifa la makumbusho ya sayansi, chini yake vituo vikashirikiana vifaa, mafundi na maonyesho. Majirani zetu wa kusini mwa Afrika nao wana chama chao cha vituo vya sayansi, SAASTEC, wanabadilishana maarifa. Sisi tunabadilishana kadi za biashara.

Mtoto wa Buza kwenda Kijiji cha Makumbusho ni magari mawili, pengine matatu. Konda akiona sare ya shule anaziba mlango kwa kiwiliwili chake, maana nauli ya mwanafunzi kwake ni hasara. Usimlaumu sana konda. Lawama ni ya aliyepanga kwamba mtoto ndiye afuate maarifa, na maarifa yakae Kinondoni yakimsubiri kama mwenye nyumba.

Na wewe mzazi mwenzangu, usijifiche nyuma ya serikali. Nakujua. Wewe na mimi tupo kwenye grupu moja la WhatsApp la harusi. Ndani ya wiki moja tumepata mwenyekiti, mhazini, kamati ya chakula, kamati ya usafiri na ukumbi. Anayechelewa kuchanga anapigiwa simu usiku. Tunajua sana kujenga mtandao, tena bila semina! Lakini kikao cha wazazi shuleni unamtuma dada wa kazi. Tuisheni ya jioni unalipa bila kubisha, mtoto akakariri zaidi kile alichokariri asubuhi. Mahafali unachanga, fulana, keki, muziki. Safari moja ya makumbusho ikitangazwa unauliza, itamsaidia nini kwenye mtihani?

Swali lako hilo ndilo limetufikisha hapa.

Angalia limetufikisha wapi. Mtoto anasema sayansi ngumu, anaikimbia akiwa kidato cha pili, na sisi tunamwitikia: si kila mtu ana kichwa cha fizikia. Tumejengewa bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115, wakandarasi wametoka Misri. Reli ya mwendokasi, Waturuki walianza. Vijana wetu wengi walikwenda kule kubeba, kuchimba, kulinda geti. Hakuna aibu katika kubeba. Babu zao walibeba mifupa ya Tendaguru miaka mia na zaidi iliyopita. Aibu ni kwamba mjukuu bado anabeba.

Wakati huohuo, Tandale kuna kijana aliyeacha shule ambaye anafungua redio iliyokufa, anaunga waya kwa pasi ya moto, redio inaimba. Hakuna aliyemwambia kwamba anachofanya ni fizikia. Hakuna mtu wa COSTECH, wa VETA wala wa makumbusho aliyepita kwenye kibanda chake akamwambia, njoo Jumamosi uwaonyeshe wadogo zako. Samaki mkunje angali mbichi, na sisi huyu tumemwachia jua limkaushe.

Nasema na wakubwa pia, kwa heshima zao zote. Hatutaki kongamano lingine. Kaeni mezani, TAMISEMI, Elimu na Maliasili, muandike makubaliano yenye tarehe, bajeti na jina la ofisa atakayeulizwa. Anzeni na wilaya mbili tu, Kinondoni na Temeke. Nunueni basi moja. Likizunguka mwaka mzima na mkaona halina faida, liuzeni, mimi nitaomba radhi hapa hapa.

Na wewe msomaji, shule ya mwanao itaita kikao cha wazazi. Safari hii nenda mwenyewe. Kaa mbele. Mwenyekiti akifika kwenye mengineyo, nyoosha mkono uulize: watoto wetu wanakwenda lini Makumbusho, wanakwenda kusoma mada gani, na basi analipa nani? Ukijibiwa kwamba suala linafanyiwa kazi, usikae chini. Dai tarehe, na iandikwe kwenye muhtasari.