Jawabu Kinalolidai Kijiji

Miongoni mwa sheria za Tanzania Bara ni chache zilizomtukuza raia wa kawaida kuliko Sheria Namba 7 ya mwaka 1982, iliyozirejesha halmashauri za wilaya baada ya kuondolewa na mpango wa Madaraka Mikoani wa mwaka 1972. Kwani ndani yake Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani hadhara ya wakazi wote waliotimiza miaka 18, umepewa mamlaka ya juu kabisa katika sera za jumla za kijiji, pamoja na haki ya kuichagua na kuiondoa halmashauri yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikaongeza ya kwamba halmashauri hiyo haina ruhusa ya kugawa ardhi kabla ya mkutano kuridhia. Fauka ya hayo, tangu mwanzo wa miaka ya 2000 umekuwapo utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambao kwao wanakijiji hutaja walicho nacho na kinachowazuia, kisha wakazipanga haja zao kwa daraja.

Shauri la namna hiyo likiendeshwa kwa insafu, ni jambo la kutazamwa kwa taadhima. Mtendaji wa kijiji amefungua daftari juu ya meza iliyotolewa darasani, wazee wako kwenye mabenchi, akina mama wamekaa mkekani chini ya mwembe. Zahanati imekwisha kuandikwa ya kwanza, na mama mmoja anasimama kusema kisima kitangulie, kwa kuwa mkunga hawezi kuzalisha mahali pasipo na maji. Mjadala unatoka adhuhuri hadi alasiri, na mwisho kalamu inafuta, kisima kinapanda juu.

Orodha ile hupita Kamati ya Maendeleo ya Kata, ikafika wilayani, ikakutana na ukomo wa bajeti na vipaumbele vya taifa. Na mwaka wa fedha uanzapo Julai 1, aghalabu kijiji huona kokoto zikishushwa kwa ajili ya jengo lisilokuwamo katika orodha, au kisione kitu. Huenda wilaya ilikuwa na sababu njema kabisa: fedha hazitoshi, vijiji ni vingi, pengine wataalamu walipima wakakuta maji hayapo pale palipotajwa. Kukatwa kwa haja kunastahimilika. Kisichostahimilika ni kimya kinachofuata, kwa maana watu walioombwa shauri wasiambiwe limefikia wapi, wakiitwa mara ya pili huja nusu, na mara ya tatu akidi haitimii, kisha huandikwa katika taarifa kuwa wananchi hawana mwamko. Mwamko wanao, na mama yule aliyesimama mbele ya wazee ni shahidi. Walichokosa ni jawabu.

Rai ya toleo hili ni kwamba bajeti ya halmashauri ya wilaya isihesabiwe kuwa imekamilika mpaka diwani na mtendaji wasimame mbele ya Mkutano Mkuu, ambao hata hivyo wapaswa kukutana kila miezi mitatu, wasome kilichokatwa, nani amekikata, na kwa hoja gani. Na maelezo hayo yabandikwe kwenye ubao wa matangazo kando ya taarifa ya mapato na matumizi. Gharama yake ni safari ya diwani kwenda kwa watu waliomchagua. Na saa ya mkutano nayo ipangwe kwa kuwauliza wanawake, maana mkutano unaoitishwa wakati wa kuteka maji umekwisha kuwafungia mlango wale wayajuao maji kuliko wote.

Si waandishi wetu wote wanaoafiki. Yuko anayeona kuwa mashauri yaanzie kitongojini, kwa sababu mkutano wa kijiji kizima ni mkubwa mno kwa mnyonge kutia neno. Na yuko anayedai kuwa jawabu bila fedha ni maneno matupu, akataka kila kijiji kiachiwe sehemu ya mapato yanayotoka kwake. Wote wamepewa nafasi, na kurasa za toleo lijalo zinawangoja madiwani na watendaji walio na hoja ya kupinga.