Vinyozi Watanyoana Wenyewe

Ndoo yenyewe ni kuukuu, ya mbao za mwaloni, ya kutekea maji kisimani enzi za mababu. Ilipatikana kwenye shamba moja kusini mwa jimbo la Indiana, na tangu 1925 imekuwa kombe linalogombewa na vyuo vikuu viwili vya jimbo hilo, Indiana na Purdue, katika futiboli ya Kimarekani, ile ya helmeti na mpira wenye umbo la yai. Kila mwaka mnyororo wa ndoo huongezwa pingili moja ya shaba: herufi I Indiana ikishinda, herufi P ikishinda Purdue. Pingili ya kwanza kabisa ina herufi zote mbili, maana mechi ile iliisha 0-0.

Pingili ya 2024 ni I. Indiana 66, Purdue 0. Niliitazama sebuleni kwangu Indianapolis na mpwa wangu anayesoma uhandisi Purdue. Robo ya tatu ilipoanza alivua fulana ya chuo chake, akaikunja taratibu kama nguo ya marehemu, akaiweka juu ya kochi.

"Mjomba," akasema, "sisi tushuke tu daraja. Ligi hii si yetu."

Maneno ya mpwa wangu ndiyo siku hizi yanayosemwa na karibu kila anayefuatilia mchezo huu. Agosti 2023 ligi ya Pac-12 ilisambaratika, wanachama wake wakakimbilia kwenye ligi zenye hela ya televisheni, Washington State na Oregon State wakabaki kama watoto waliosahauliwa stendi. Tangu hapo mazungumzo ya Super Ligi hayajakoma. Mwaka 2024 kundi lijiitalo College Sports Tomorrow lilipendekeza ligi ya timu 80 hivi, 70 kati yake zikiwa na nafasi ya kudumu. Wapo wanaoona hata hizo ni nyingi mno: wachukuliwe vigogo 24, wakizidi sana 32, kisha mlango ufungwe. Na kila mazungumzo yakifika hapo, swali ni lilelile: hizi timu za kati, akina Purdue, Boston College, Wake Forest na Northwestern, zitawezana na vigogo? Jibu huja kabla swali halijaisha. Hazitawezana. Zitakuwa vibonde. Ni huruma kuziacha nje.

Huruma hiyo siitaki, na hesabu iliyoizaa ni mbovu.

Rais wa zamani wa Tanzania, Ali Hassan Mwinyi, aliwahi kuifananisha timu yetu ya taifa na kichwa cha mwendawazimu, ambacho kila mwenye wembe anajifunzia kunyoa. Tulicheka, tukaumia, na msemo ukabaki kwenye kurasa za michezo hadi leo. Tumekuwa tukimtazama mwendawazimu tu. Kinyozi hatumtazami. Ufundi wake kaupata wapi, na kesho akikosa kichwa cha kunyoa ataitwaje fundi?

Alabama, Georgia, Ohio State na wenzao wana wembe mwepesi kwa sababu vichwa vipo. Vingine wanavilipia kabisa. Septemba 2007 Michigan iliilipa Appalachian State dola 400,000 ije Ann Arbor kunyolewa mbele ya watu zaidi ya laki moja. Mwaka 2024 Notre Dame iliilipa Northern Illinois dola milioni 1.4 kwa kazi hiyohiyo. Ndivyo msimu unavyopikwa: mechi mbili tatu za kununua, nne tano za timu za kati za ligi yako mwenyewe, na zilizobaki ndizo vita. Ukimaliza umeshinda kumi na kufungwa mbili, wafadhili wanatoa hundi na vijana wazuri wa sekondari wanataka kuja kwako. (Kwa wanaopenda kujua: Appalachian State walishinda 34-32, Northern Illinois 16-14. Siku nyingine mwendawazimu huondoka na wembe.)

Sasa toa vichwa vyote. Baki na vinyozi 24. Kila mmoja acheze mechi 12. Jumla ni mechi 144, kwa hiyo ushindi 144 na vipigo 144, hata uchanganye ratiba vipi. Wastani ni kushinda sita na kufungwa sita. Kigogo mmoja akimaliza na ushindi 11, ule aliouzidisha umetoka mfukoni mwa vigogo wenzake. Nusu ya watu waliozoea kuitwa wakubwa watakuwa wanashinda mechi nne, tano, sita kwa mwaka, kila mwaka.

Nani kati yao amezoea maisha hayo? Texas A&M ilimtimua Jimbo Fisher mwaka 2023 akiwa ameshinda sita na kufungwa nne, ikakubali kumlipa zaidi ya dola milioni 75 ili asifundishe. LSU ilimfukuza Brian Kelly Oktoba 2025 akiwa ameshinda tano na kufungwa tatu. Mwezi huohuo Penn State ilimwondoa James Franklin baada ya vipigo vitatu mfululizo, cha mwisho kutoka kwa Northwestern, timu ya kati kwelikweli. Hawa ndio wanaotuambia wako tayari kufunga mlango na kuchapana wao kwa wao Septemba hadi Desemba. Mwaka wa kwanza tu kutakuwa na foleni ya makocha wanaodai malipo ya kufukuzwa.

Mfano wa kigogo aliyekosa wa kunyoa tunao tayari, na wala hakungoja Super Ligi. Nebraska ina ubingwa wa taifa mara tano. Kuanzia 1969 hadi 2001 haikuwahi kushinda chini ya mechi tisa kwa msimu, miaka 33 mfululizo. Uwanja wake umejaa kila mechi tangu 1962. Mwaka 2011 ikahamia Big Ten, ligi ya akina Purdue na Indiana, kwenye ushindani mkali na hela nyingi, na kuanzia 2017 hadi 2023 ilimaliza misimu saba mfululizo ikiwa na vipigo vingi kuliko ushindi. Kuhama si sababu pekee. Makosa ya kuajiri makocha ni yao wenyewe. Hata hivyo tazama walipoangukia: palepale kwenye kiti cha Purdue. Jina kubwa, uwanja uliojaa, fedha za kutosha, na bado katikati.

Wasichotaka kukiona mashabiki wa Super Ligi ni kwamba hakuna kabila la timu za kati. Kuna kiti cha katikati, na kila ligi duniani inacho. Wanaokikalia leo ukiwatoa, kiti hakitoki nao. Kitakaliwa na Tennessee, au Florida, au USC, na baada ya miaka kumi watoto wanaozaliwa sasa watakuwa wanauliza kama timu hizo zina hadhi ya kubaki.

Nirudi kwenye ndoo. Desemba 2022 Purdue ilicheza fainali ya Big Ten dhidi ya Michigan. Ilifungwa 43-22, lakini ilikuwa pale. Mwaka huohuo Indiana ilishinda mechi nne na kufungwa nane. Mwaka uliofuata ikashinda tatu. Indiana wakati huo ilikuwa timu iliyofungwa mechi nyingi kuliko timu yoyote ya daraja la juu katika historia ya mchezo huu. Ungenipa kalamu mwaka 2023, ukaniambia nichague vigogo 24, au 32, au hata 50, Indiana ningeikata bila kumeza mate. Na wewe ungeikata.

Ikamleta kocha Curt Cignetti kutoka chuo kikuu cha James Madison, naye akaja na baadhi ya wachezaji wake. Msimu wa 2024 ushindi 11 na vipigo viwili. Msimu wa 2025 haikufungwa kabisa. Ilipata ubingwa wa Big Ten kwa kuifunga Ohio State 13-10. Kwenye mechi ya Rose Bowl iliikandika Alabama 38-3, Alabama hiyo ambayo ndiyo ingeandikwa ya kwanza kwenye orodha yoyote ya Super Ligi. Januari 19, 2026 ikaifunga Miami 27-21 ikawa bingwa wa taifa, mechi 16 ushindi 16. Anayesema timu za kati huchapwa vipigo vya aibu na vigogo, kwa hiyo zikae nje, anieleze 38-3 tunaiweka wapi.

Najua nitakachojibiwa: zile ni fedha. Ni kweli, na sitajifanya sizioni. Tangu Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza, na wapo watakaofika kwenye dari hiyo bila kutoka jasho huku wengine wakiuza viti. Lakini hebu tuulize Indiana ilipata wapi pa kuanzia. Ilikuwa ndani. Mkataba wa televisheni wa Big Ten uliotangazwa 2022, wa miaka saba na zaidi ya dola bilioni saba, huwagawia wanachama wa siku nyingi sawasawa. Kibonde Indiana alikuwa akipokea fungu lilelile la Ohio State. Mtu aliyepewa sahani sawa akashiba, huwezi kumtumia kama ushahidi kwamba wasiopewa sahani hawana njaa ya kutosha.

Na hapa pana kichekesho cha kihistoria. Big Ten ilitokana na kikao cha Chicago, Januari 1895, kilichoitishwa na James Smart, rais wa Purdue. Mwenye kualika ndiye leo anayeambiwa akae jikoni.

Pengo la fedha lenyewe lina tarehe ya kuzaliwa. Hadi 1984 haki za matangazo ziliuzwa kwa pamoja na chama cha michezo ya vyuo, NCAA. Mwaka huo Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa majaji saba dhidi ya wawili kwamba mpango huo unavunja sheria ya ushindani, na kila mwenye nguvu akaenda kuuza chake. Mmoja wa wale wawili waliopinga ni Jaji Byron White, mtu ambaye ujanani alikuwa nyota wa futiboli ya chuo cha Colorado na baadaye ya kulipwa. Katika majaji wote tisa, aliyewahi kuvaa helmeti kwa mshahara ndiye alisema hapana. Mimi hilo linanitosha.

Wapigadebe wa Super Ligi hupenda kusema wanataka kuiga NFL, ligi ya kulipwa. Waige basi! NFL inagawa fedha za televisheni ya taifa sawa kwa timu zote 32, inaweka kikomo cha mishahara, na timu iliyoburuza mkia ndiyo huchagua kijana bora wa mwaka unaofuata. Green Bay, mji wa watu laki moja na ushei, una timu ndani ya ligi hiyo na umechukua ubingwa mara nyingi kuliko New York. NFL imetajirika kwa kuhakikisha kiti cha katikati kinazunguka, leo wewe kesho mimi. Hawa wanataka utajiri wa NFL kwa kufukuza Green Bay zao.

Nasi Waswahili si wageni wa mambo haya. Oktoba 2023 Simba iliingia African Football League, super ligi ya soka ya Afrika, na kukutana na Al Ahly, kigogo wa vigogo barani. Dar es Salaam 2-2, Cairo 1-1, Ahly wakapita kwa mabao ya ugenini. Hakuna aliyetoka Uwanja wa Mkapa usiku ule akisema Simba haikustahili kuwapo.

Uhai wa mechi uko pale asiyetegemewa anapoweza kuinuka. Vanderbilt ilipoifunga Alabama iliyokuwa namba moja, 40-35, Oktoba 2024, ilikuwa mara ya kwanza tangu 1984. Mashabiki waling'oa nguzo za goli, wakazibeba mabegani wakipita katikati ya Nashville, mbele ya baa na watalii walioacha glasi zao kuja kuchungulia, hadi Mto Cumberland, wakazitumbukiza. Alabama ikiifunga Georgia hakuna anayebeba chuma kupeleka mtoni. Purdue anayoionea haya mpwa wangu ndiyo iliyoifunga Ohio State namba mbili kwa 49-20 mwaka 2018, na mwaka 2021 ikaangusha Iowa namba mbili na Michigan State namba tatu katika msimu mmoja. Nilimkumbusha. Alisema, "Mjomba, nilikuwa sekondari." Fulana hakuivaa.

Kinyozi wangu hapa Indianapolis ni Mkongo wa Bukavu. Alipoingia Marekani alianzia maisha Columbus, kwa hiyo yeye ni Ohio State mpaka kaburini, na Super Ligi anaitaka kesho asubuhi. Wiki iliyopita, mashine ikiwa nyuma ya sikio langu, nilimpa ile hesabu ya mechi 144. Akanisikiliza hadi mwisho. Nikamuuliza: sawa, mmebaki vigogo 24, mlango mmeufunga. Wa 24 atakuwa nani?

Akazima mashine, akafikiri.

"Michigan, ndugu yangu."

Kijana aliyekuwa akisubiri zamu, mwenye jaketi la buluu na manjano la Michigan, akainua macho kutoka kwenye simu.