Farasi wa Jangwani na Mpiga Picha

Msomaji, yuko mtu asifiwaye asiyestahili sifa: mpiga picha awakimbizaye farasi wa mwitu ili apate picha ya kushangaza. Katika majangwa ya Nevada na Utah, nchini Marekani, wamo farasi ambao asili yao ni wale walioletwa na Wahispania tangu karne ya 16, na wengine waliotoroka baadaye mashambani. Mpiga picha huyo hungoja mawingu meusi yatande, kisha huwaendea kwa gari au kwa makelele, wapate kutimua vumbi chini ya radi. Akilaumiwa, hujibu kwamba picha haimwagi damu.

Jibu hilo ni jepesi kuliko vumbi lenyewe. Farasi mzima huhitaji lita 30 za maji au zaidi kwa siku, na jangwani maji huwa mbali. Jasho limtokalo bure, nani atamrudishia? Na mtoto wake aliyeachwa nyuma, nani atamngoja?

Zamani wawindaji waliwafukuza farasi hao kwa ndege na malori, wakawauza wafanywe chakula cha mbwa. Velma Johnston, karani wa Nevada, aliupinga ukatili huo, na sheria ya mwaka 1959 ikakataza kuwawinda hivyo katika ardhi ya umma. Kisha barua za watoto wa shule zikalifikia bunge kwa maelfu, ikapatikana sheria ya mwaka 1971 ya kuwahifadhi. Ni kweli, serikali yenyewe huwakusanya kwa helikopta hata leo, ikisema wamezidi malisho. Mpiga picha hana hata udhuru huo.

Tena picha yake ni ya uongo. Dhoruba ivumapo, desturi ya farasi ni kuupa upepo mgongo, kuinamisha vichwa na kusimama pamoja. Juu yao mvua huonekana ikining'inia mawinguni, na mara nyingi hukauka hewani kabla ya kugusa mchanga. Mnyama mwenye kiu anangojea mvua isiyofika: je, picha hiyo haitoshi?

Basi, ukishika kamera, kaa mbali, nyamaza, ngoja. Usipopata kitu, rudi mikono mitupu. Hasara hiyo ni yako peke yako. Hasara ya mbio zile humwangukia asiyeweza kushtaki.