Gauni la Harusi na Mitamba Wawili



Juma hili tumeletewa swali na mama mmoja wa Tulia, katika kaunti ya Kitui. Bintiye anaolewa mwezi wa Shawwal, inshallah. Mama ana asili ya Mombasa, na binti amekwisha hudhuria kupamba kwa binamu zake huko. Gauni amelichagua moyoni: jeupe, lenye mkia mrefu, na puleki na shanga kutoka kifuani hadi kiunoni. Baba, kwa kutotaka mwanawe aone haya mbele ya jamaa wa Mombasa, amesema atauza mitamba wawili. Mama anauliza kama iko njia nyingine.

Njia ipo, tena si moja. Lakini kabla ya kutaja bei ya kitambaa, yafaa tujiulize gauni hilo litavaliwa kwa muda gani, na litaonwa na nani. Nikaha haihitaji gauni la namna hiyo. Inataka walii, mashahidi, mahari, ijabu na kabuli. Na mara nyingi bi harusi huwa chumbani na wanawake wenziwe wakati wanaume wako msikitini. Vazi la jadi la bi harusi wa pwani lilikuwa kisutu, leso ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, na sidhani yupo aliyewahi kuuza ng'ombe kwa ajili ya kisutu. Gauni jeupe ni la usiku wa kupamba: saa tatu au nne, mbele ya wanawake.

Huko Tulia jambo hili lina upande wa pili. Majirani wengi si Waislamu, nao watakuja mchana kumtazama bi harusi, wanaume kwa wanawake. Mchana, basi, panahitajika stara: nguo isiyobana, isiyoonyesha mwili, na kichwa kilichofunikwa. Usiku, wanawake wakiwa peke yao, anaweza kujipamba zaidi. Wengi hununua magauni mawili kwa sababu hiyo. Gauni moja latosha, likishonewa koti refu la lesi lenye bitana, la kuvaliwa mchana na kuvuliwa usiku. (Na huo usiku wa wanawake peke yao si wao peke yao tena, ikiwa simu hazikuachwa mlangoni.)

Sasa tuje kwenye haya ya kuvaa nguo ya kuazima, ambayo sijui tumeitoa wapi. Katika Sahihi ya Imamu Bukhari imo habari ya Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, aliyeonekana amevaa vazi la bei ya dirhamu tano. Akaeleza kwamba zama za Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, alikuwa na vazi la namna ile, na kila mwanamke aliyetaka kupambwa pale Madina alikuwa akituma kwake kuliazima. Imamu Bukhari ameiweka habari hiyo katika mlango wa kumwazimia bi harusi. Mlango mzima! Na sisi leo tunaona ni aibu.

Wale binamu wa Mombasa, ambao magauni yao ndiyo yaliyomvutia binti, wameyavaa mara moja tu. Yamo kabatini, yamefunikwa mifuko ya plastiki. Barabara ya lami sasa inatoka Kitui kupitia Mutomo hadi Kibwezi, na hapo ni kushika njia kuu ya Mombasa. Gauni laweza kusafiri na mtu anayekuja nyumbani. Ila mlitazame kwa ndani kwanza. Kupunguza ni kazi nyepesi, kuongeza ni kazi nzito, na haiwezekani kabisa kama fundi hakuacha nguo ya ziada kwenye mshono. Urefu upimwe bi harusi akiwa amevaa viatu vyenyewe.

Kukodi nako hakuna ubaya, lakini umbali hugharimu. Ulizeni kama siku za safari zinahesabiwa, amana ni kiasi gani, na nani atalipia usafi. Mkia unaoburutwa juu ya vumbi jekundu la uani haurudi mweupe.

Likishindikana hilo, lishonwe. Ushonaji si mgeni Kitui. Kiwanda cha nguo cha kaunti kilichoko Syongila ndicho kilichoshona barakoa mwaka 2020. Hata hivyo mtafuteni fundi aliyekwisha shona satini, kwa maana huteleza chini ya sindano na kila kosa huonekana. Mnaponunua, ulizeni upana: kitambaa cha inchi 45 na cha inchi 60 havilingani, hata bei ya mita ikiwa moja. Binti naye aulizwe ni kitu gani hasa alichokipenda katika yale magauni. Nadhani atajibu puleki na shanga. Basi inunuliwe lesi iliyokwisha tariziwa, itoshe kifua na ncha za mikono tu, na sketi ibaki satini tupu juu ya gagulo. Kinachopandisha bei ni kazi ya mkono ya kushona shanga mojamoja, wala si gauni lenyewe.

Jambo moja mafundi husahau. Magharibi na Isha zitamkuta ndani ya gauni hilo. Mikono iwe na vifungo vinavyofunguka hadi juu ya kiwiko apate kutawadha, na kiuno kisibanwe hata asiweze kurukuu na kusujudu. Kitambaa kifike kwa fundi kabla ya Ramadhani kuanza. Katika kumi la mwisho cherehani zote huwa na nguo za Idi.

Na mahari yasiguswe. Ni mali ya binti, kama ilivyoamrishwa katika Surat an-Nisaa, aya ya 4. Akitaka kutoa kitu humo kwa ridhaa yake, hilo ni lake. Kama upande wa bwana harusi utaleta begi, si vibaya kuwaambia mapema kwamba satini nyeupe itapokewa kwa furaha kuliko pea ya sita ya viatu.

Mama wa Tulia aanze kwa kuwapigia simu jamaa zake wa Mombasa, leo hii, kabla mnunuzi hajafika kuwatazama wale mitamba.