Kadi ya Harusi Isigeuke Tiketi

Vijana wenzetu wa Kitale, Bungoma na miji ya hapo katikati.

Mahindi yakishavunwa na pesa zikaingia, harusi huku kwetu huja kwa mfululizo. Na kabla ya harusi huja lile grupu la WhatsApp. Umeongezwa bila kuulizwa, juu kuna nambari ya M-Pesa, chini yake orodha inayorefuka kila siku: fulani elfu tano, fulani elfu mbili, fulani ameahidi. Wiki ya mwisho kadi zinatoka. Aliyetoa cha maana anapata kadi ya watu wawili, aliyetoa kidogo anapata ya mtu mmoja. Yule kijana wa bodaboda aliyeswali saf moja na bwana harusi miaka yote hapati kitu. Anaiona harusi kwenye status, kama watu wa Mombasa.

Kadi ya namna hiyo sisi tunaiita risiti.

Kuchangiana hakuna ubaya. Harambee tumezaliwa tukaikuta, na kumsaidia kijana kuoa ni thawabu. Ubaya ni kufunga mchango na mwaliko kwa kamba moja. Kuitikia mwaliko ni katika haki za Muislamu juu ya Muislamu mwenzake, na wanazuoni wengi wanauona mwaliko wa walima kuwa wajibu kuuitikia. Ukimwalika mtu kwa bei, umemtwika mzigo usiokuwa wake. Ukimwacha kwa sababu hana, umeingia moja kwa moja kwenye ile hadithi ya Abu Hurayra kuhusu chakula kibaya kabisa: cha walima wanayoitiwa matajiri na maskini wakaachwa. Imo kwa Bukhari na kwa Muslim, kwa hivyo tusisumbuane kutafuta fatwa nyingine.

Hebu tuangalie orodha ya wageni ilivyotengenezwa Madina. Mtume (s.a.w.) alipomuoa Zaynab bint Jahsh, Ummu Sulaym alitengeneza chakula cha tende na samli, akampa mwanawe Anas akipeleke. Anas akaambiwa akawaite fulani na fulani, wakatajwa kwa majina, kisha aongeze na yeyote atakayekutana naye njiani. Walifika watu kama 300, wakala kumi kumi. Majina yalikuwepo, mlango nao ukabaki wazi. Kamati zetu zimebaki na majina tu, halafu zikaweka vijana wawili getini wa kukagua kadi.

Kuna atakayeuliza, pilau ya watu wote hao nani atalipa? Ni swali la haki kabisa, mchele haushuki bei kwa dua peke yake. Lakini piga hesabu ya kweli ya harusi ya siku hizi. Hema la mapambo liko pale, gari la kukodi, sare za rangi mbili ambazo mgeni analazimishwa na kadi kuzinunua, na kadi yenyewe ya karatasi nzito yenye utepe na maandishi ya dhahabu. Walima ya Safiyya haikuwa na nyama wala mkate, ilikuwa tende, samli na maziwa yaliyokaushwa. Basi kama uwezo ni mdogo, punguza utepe kabla hujapunguza majirani. Na mchango uombwe kwa ujumbe wake, mapema, bila kutajwa kwenye kadi.

Sasa hiyo kadi. Wengi wetu huku tuna wajomba na shangazi wa kanisani, kuanzia Kiminini mpaka Webuye. Ukiwaandikia "Nikah baada ya Dhuhr" na basi, umewaacha gizani, na hata misikiti yenyewe haikimu saa moja. Andika Kiswahili cha kueleweka: saa saba mchana, msikiti gani, baada ya hapo chakula nyumbani kwa nani, wanawake wakae wapi. Taja wazazi wa pande zote mbili, hata wasio Waislamu, nao wamelea. Ile aya ya 21 ya Suratu Rum tunayopenda kuichapisha juu, tafadhali iacheni shekhe aisome. Kadi ikishapita harusi inaishia jalalani.

Na kabla hujachapisha tarehe, uliza kama imamu atakayeozesha ana idhini ya Msajili wa Ndoa. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka ndoa ya Kiislamu isajiliwe kama ndoa nyingine zote. Hili wengi wanalipuuza mpaka mume afariki, mirathi ifike kwa Kadhi, na mjane aulizwe cheti huku alichonacho ni albamu ya picha na kadi moja iliyobaki. Kamati iliyokutana mara sita kuchagua rangi ya hema ilikosa dakika kumi za jambo hili.

Kadi ya simu ni nafuu, itumieni. Ila nyanya wa Chwele mwenye kabambe hataiona. Mpigie, au tuma mtu aende akae naye, anywe chai, amwambie siku. Kuku ataleta mwenyewe.