Mchemraba ulionikosanisha na mwanafunzi

Leo nina dukuduku moja.

Nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha nilichora mchemraba ubaoni, mistari yote 12, nikasahau kuikata kata ile ya nyuma. Nikauliza: kona A iko mbele au nyuma? Kijana mmoja akajibu, "Nyuma, mwalimu." Nikamwambia akae chini aangalie vizuri. Darasa likamcheka ile mbaya. Mpaka naondoka hakunyoosha mkono tena.

Juzi kwenye kipindi cha saikolojia ya elimu, mchoro ule ule ukutani! Kumbe una jina kabisa, mchemraba wa Necker, yule Mswisi aliyeandika habari za michoro ya namna hiyo mwaka 1832. Ukiukodolea macho, kona ya mbele inakwenda nyuma yenyewe, halafu inarudi. (Chora daftarini ujaribu, mimi nimepoteza nusu saa.) Mchoro haujabadilika hata chembe.

Kinachobadilika kiko kichwani. Mwaka 1998 watafiti wa London waliwaweka watu kwenye mashine ya MRI wakitazama picha kama hizi, wabonyeze kitufe kila picha ikigeuka. Ikigeuka tu, ubongo ulichangamka kwenye sehemu za kuona na hata huku mbele, usawa wa paji la uso. Basi wengine wakadhani huko mbele ndiko amri inakotoka. Mwaka 2014 watafiti wa Ujerumani wakaja na ujanja: kila jicho lipewe picha yake, na mtu asibonyeze kitu, mwendo wa macho na mboni vimuumbue vyenyewe. Ile shughuli ya mbele ikapungua sana! Yaani nyingi ilikuwa ya kujichunguza na kujibu, si ya kuona kwenyewe. Wataalamu bado wanabishana.

Mimi nikabaki namfikiria kijana wangu. Kuona aliona sawa kabisa, mchoro ndio ulikuwa mbovu, na ni wangu. Nilisahihisha jibu bila kuuliza anaonaje.

Wenzangu hosteli wanasema eti huko ni kudekeza wanafunzi, silabasi itaisha lini? Nawaelewa, darasa limejaa mpaka dirishani. Lakini "hebu njoo unionyeshe" inakula dakika ngapi jamani? Kumkalisha chini na kutuliza vicheko kulinichukua muda mrefu zaidi.

Ningependa kumwomba radhi. Shule iko mbali, na jina lake, aibu yangu hii, silikumbuki.